Siku Mbunge Aliposukuma Kigari cha Mapacha

Barua yangu ya kwanza kwa mbunge wetu ilikuwa na kurasa nne. Niliiandika Jumapili kutwa nzima kwenye meza ya jikoni, mume wangu akinisogezea chai na kujiondokea bila kuuliza kitu. Nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nikabidhiwe shule ya msingi iliyo pale Newtown inapokutana na Aston. Mimi ni mtu wa Tanga niliyekuja Birmingham kusomea ualimu nikaishia kubaki, na Jumapili ile nilikuwa na hasira za mtu anayejua kwamba haki iko upande wake.

Hasira zenyewe zilitokana na magari. Mtaa wa shule yetu ni mwembamba. Upande mmoja zimepangana nyumba za matofali mekundu zilizoshikana kuta, upande wa pili kuna gereji za mafundi magari, na shule iko mwisho kabisa. Kila asubuhi magari yalipandishwa juu ya njia ya waenda kwa miguu, magurudumu mawili barabarani na mawili juu. Siku za mechi, washabiki waliokuja kwenye uwanja wa mpira ulio jirani walijaza nafasi yoyote iliyobaki. Mama mwenye kigari cha mtoto hakuwa na pa kupita isipokuwa katikati ya barabara. Nilipopiga simu halmashauri ya jiji, mtu mmoja mpole alinieleza kwamba London kuna sheria inayokataza kuegesha juu ya njia ya miguu, ila huku kwetu sheria ya namna hiyo haipo, na wa kuitunga ni Bunge.

Basi nikaliandikia Bunge, kwa maana ya mbunge wetu. Jumatatu asubuhi nilimpa barua karani wetu wa shule aipitie. Huyu ni mama Mkenya wa kutoka Nakuru, na kabla yangu alikuwa ameshawaona walimu wakuu watatu wakija na kuondoka. Aliisoma miwani ikiwa kwenye ncha ya pua.

"Mwalimu," akasema, "hii ni barua ama ni kitabu?"

"Nimeeleza kila kitu."

"Hiyo ndiyo shida. Huyu mtu ataisoma saa ngapi?"

Niliituma hivyo hivyo. Baada ya wiki kadhaa jibu likaja, aya tatu kwenye karatasi nzuri nzito. Mheshimiwa alinishukuru kwa kujali hali ya barabara zetu, na akanihakikishia kwamba suala la mashimo barabarani analifuatilia kwa karibu. Nilisoma mara mbili. Katika kurasa zangu nne hakukuwa na shimo hata moja. Nilipomwonyesha karani alicheka mpaka akavua miwani afute macho.

"Hakujui," alisema alipopata pumzi. "Hata wewe, mtu humjui akuletee maneno mengi hivyo, si utamjibu tu ndio aende?"

Maneno hayo yalinikaa, kwa sababu yalinikumbusha mama yangu. Pale tulipokuwa tukiishi Tanga kulikuwa na mtaro ulioziba, na kila masika maji yalituingia mpaka uvunguni mwa vitanda. Majirani walikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kugomba, wakarudi mikono mitupu. Mama hakugomba. Kila asubuhi akipita kwenda sokoni alimwamkia yule mzee, akamuuliza hali ya mguu wake uliokuwa ukimsumbua, akaendelea na safari. Mwaka mzima hivyo. Siku alipoutaja mtaro, mzee aliinuka, akavaa viatu, akaenda naye kuutazama. Nilikuwa mdogo, nikadhani ni bahati. Sasa nina shule nzima mkononi na nimeanza kwa kugomba.

Nikaamua kwenda kumwamkia mbunge.

Ijumaa, wabunge wengi wanarudi majimboni mwao kusikiliza watu. Wetu alikuwa akikaa kwenye chumba cha nyuma cha maktaba moja kule Handsworth. Nilishuka basi Soho Road, nikapita maduka ya nguo za harusi na harufu ya viazi vya rojo, nikajiunga na foleni. Mbele yangu alikuwepo bibi wa Kijamaika mwenye ukuta unaovuja, na baba mmoja aliyeshika bahasha ya karatasi za uhamiaji kana kwamba ndani yake mna mayai. Nilikaa nao saa nzima na ushee. Nilipoingia, hasira zilikuwa zimepungua nusu. Nilikuwa nimeshaona shida za watu anaowasikiliza tangu asubuhi.

Alikuwa mzee mrefu, mabega yamemwinama kidogo, na kabla ya siasa alikuwa akifundisha kemia. Hilo sikulijua mpaka aliponiambia mwenyewe.

"Mwalimu mkuu!" akasema. "Kaa. Nani kakuudhi?"

"Hakuna," nikasema, na nikashangaa kuona ni kweli. "Nimekuja kukusalimu, na kukuomba uje utusikilizie watoto wakisoma."

Alinitazama kama mtu anayesubiri sehemu ya pili ya maneno. Haikuja. Akatabasamu, akamwita msaidizi wake. Huyo alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, hijabu ya kijani, daftari mkononi, na ndiye aliyenisindikiza hadi mlangoni.

"Ni wewe wa kurasa nne?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Nikakiri.

"Mimi ndiye ninayezipokea. Kwa siku tunapata barua nyingi mno. Samahani kwa yale mashimo." Kisha akanifundisha, tukiwa tumesimama kando ya rafu ya vitabu vya bustani, jambo ambalo hakuna kozi ya ukuu wa shule iliyonifundisha. "Sentensi tatu. Kinachotokea ni nini, kinamtokea nani, unataka yeye afanye nini. Anasoma akiwa kwenye treni ya London, na treni hiyo haichukui hata saa mbili. Jambo la diwani mpelekee diwani. La sheria tuletee sisi. Na ukituletea, tuletee mtu, usituletee malalamiko."

"Mtu yupi?"

"Yule linayemtokea."

Nilimjua mtu huyo. Alikuwa mama Mkongo wa kutoka upande wa Bukavu, mwenye msichana darasa la tatu na mapacha wa kiume wa mwaka mmoja na nusu. Kigari chake kilikuwa cha viti viwili vya kukaa sambamba, kipana kama mlango wa jokofu. Alinisimamisha getini mara nyingi, na kila mara aliniita Madame Directrice, yaani mwalimu mkuu kwa Kifaransa, mpaka nikaanza kutembea kama mtu mwenye cheo hicho. Nilipomwuliza kama yuko tayari kuongea na mbunge, hakusita hata kidogo.

"Mi? Nitamwambia byote! Batoto bangu bananunua kifo kila asubuhi mu ile barabara. Anakuja siku gani?"

Mbunge alikubali kuja Ijumaa ya pili ya mwezi uliofuata, saa mbili u nusu asubuhi, ndio wakati magari yanapobanana zaidi. Nilimwandikia sentensi zangu tatu. Watoto wa darasa la tano waliandaa maswali. Mpishi wetu akasema ataoka keki ya ndimu. Nilimwomba karani awaarifu wazazi, akawaarifu kweli kweli, kwenye kundi la simu, kwa herufi kubwa.

Asubuhi yenyewe nilifika mapema nikakuta mtaa uko mtupu. Sizidishi chumvi. Hapakuwa na gari hata moja juu ya njia ya miguu. Mafundi wa gereji walikuwa wamesikia mheshimiwa anakuja, wakaondoa kila kitu, na mmoja wao alikuwa akifagia. Wazazi waliozoea kuegesha mlangoni walikuja kwa miguu wamevaa vizuri. Njia ilikuwa nyeupe kama imeoshwa kwa ajili ya Idi.

"Karani!" nikaita.

"Usiniangalie hivyo, Mwalimu. Nilisema tu anakuja kuona magari. Sikusema wayatoe."

Mbunge akatokea na msaidizi wake, akatazama huku na huku. "Mtaa mzuri," akasema kwa unyoofu wote.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikaanza kueleza kwamba leo si kawaida, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia kama mwanafunzi anayedai daftari lake lililiwa na mbwa. Hapo ndipo mama wa mapacha alipopinda kona na kigari chake. Alisimama, akautazama mtaa kutoka mwanzo hadi mwisho, akaanza kucheka.

"Aaa, leo ni Noeli!" akasema kwa Kiswahili, akigeuka kwangu. "Madame Directrice, umwambie huyu papa akuje kila siku. Akikuja kila siku, hatuna tena problème."

Nikatafsiri. Mbunge akacheka mpaka mabega yakanyooka. Mama akaendelea, na sasa hakucheka. Alisema tangu aje nchi hii hajawahi kuogopa kitu kama anavyoogopa kona ile. Alikotoka alikimbia hatari akijua anaikimbia, lakini hapa anaitembelea kila asubuhi akiwasukuma wanawe. Nikatafsiri na hayo. Mbunge alichuchumaa usawa wa kigari, mmoja wa mapacha akampa kipande cha biskuti kilicholowa, naye akakipokea kwa adabu.

"Mwambie nitarudi," akaniambia. "Na safari hii msimwambie mtu."

Nilifikiri ni maneno ya wanasiasa. Lakini aliingia madarasani, akasikiliza watoto wakisoma, akawaonyesha watoto wa darasa la tano jinsi ya kupuliza puto kwa siki na magadi, akala vipande viwili vya keki. Walipofika kwenye maswali, msichana mmoja mwembamba wa nyuma alisimama.

"Bwana, London kuna sheria na kwetu hakuna. Kwani miguu ya watoto wa London ina thamani kuliko yetu?"

Nilimwona msaidizi akiandika.

Alirudi Alhamisi moja, wiki chache baadaye, siku ya mechi. Hakunipigia simu. Saa kumi na moja kasoro za jioni, tukiwa tunawatoa watoto wa vipindi vya ziada, karani alichungulia ofisini kwangu. "Mwalimu, mzee wa kemia yuko getini na begi lake, na yule binti wa daftari. Ametoka stesheni moja kwa moja."

Safari hii mtaa ulikuwa katika hali yake. Magari yalikuwa yamepanda juu mpaka vioo vya pembeni vikagusa kuta za nyumba, na mengine yalikuwa bado yakiingia kwa mlolongo, skafu za timu zikipepea madirishani. Mama wa mapacha alikuwa ndio kwanza anatoka na binti yake. Alimwona mbunge. Alikikanyagia kigari breki, akaondoa mikono, akamwonyesha vishikio.

"Anataka nisukume?" mbunge akaniuliza.

"Nadhani hivyo, Mheshimiwa."

Akanipa begi lake, akasukuma. Hatua kumi za kwanza alikwenda vizuri. Kisha njia ikabanwa na gari dogo la bluu, na kigari kikakwama kati ya kioo cha gari na ukuta wa bustani, hakiendi mbele wala nyuma. Alivuta. Pacha wa kulia akatupa kiatu chini ya gari. Pacha wa kushoto alipoona kiatu kimekwenda, akatupa cha kwake. Mbunge wa Bunge la Uingereza akapiga magoti kwenye lami na suti yake ya kijivu, mkono mmoja ukishika kigari na mwingine ukipapasa uvunguni mwa gari, na nyuma yake foleni ya magari ikaanza kupiga honi.

Mwenye gari la bluu alikuwa hajafika mbali. Alirudi mbio, jamaa mnene wa makamo mwenye skafu ya timu shingoni, uso umemwiva kwa aibu. Bila kujua anayemsaidia ni nani, alikamata kigari mbele, mbunge akakamata nyuma, wakakiinua na mapacha wakiwa ndani wakicheka kana kwamba wako kwenye bembea, wakakishusha barabarani.

"Samahani sana," jamaa akamwambia mama. "Miaka yote naegesha hapa, sikufikiria kuna watu wa kupita."

Akaliondoa gari lake pale pale, ingawa mechi ilikuwa inakaribia. Sijui alikwenda kuliegesha wapi. Nilimwombea apate bao la mapema.

Kutoka pale tulikwenda katikati ya barabara, mbunge akisukuma, mimi na begi, msaidizi akinyanyua mkono kusimamisha magari, mama akitembea mbele yetu na binti yake, kichwa juu, kama anayeongoza maandamano. Mpaka kona hatukuzidi dakika tano. Mbunge alipofika alikuwa analowa jasho. Alimrudishia mama kigari chake, akajifuta uso na leso.

"Kila siku?" akauliza.

"Kila siku, papa," akajibu mama, na hapo sikuhitaji kutafsiri.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa mwendo wao. Msaidizi aliniunganisha na diwani wetu. Diwani alikuja na watu wa barabara, na kabla ya majira ya baridi kuisha halmashauri ilichimbia vigingi vya chuma mbele ya geti letu, hatua kama thelathini hivi, kwa kuwa hilo waliweza kulifanya bila sheria mpya. Mafundi wa gereji walivipaka rangi ya njano bila kuombwa. Nilijifunza pia kuandika kabla sijawa na shida. Mtoto akishinda mashindano ya tahajia, nilimwandikia mbunge. Mpishi alipostaafu, nilimwandikia, naye akaleta kadi. Niliwashawishi walimu wakuu wenzangu wa Handsworth na Aston, wawili watatu, tukaanza kwenda kumwona pamoja mara moja kila muhula, kila mmoja na jambo moja tu. Mmoja wao mwanzoni alikuja na orodha ya mambo kumi na mawili. Karani wangu aliichukua, akaikunja mara nne, akaiweka mkobani. "Chagua moja, Mwalimu. Hizo zingine nitakuwekea."

Halafu msaidizi akapiga simu kusema mbunge amepata nafasi ya kuuliza swali bungeni, na je, tungependa kuja kusikiliza.

Tulikwenda na watoto kumi wa darasa la tano, karani, na mama wa mapacha, ambaye aliwaacha wanawe kwa dada yake akavaa kitenge cha maua ya zambarau kilichofanya kituo kizima cha treni kigeuke. Kwenye ukaguzi wa mlangoni, mashine ilisimama kwa sababu ya kontena la sambusa la mtoto mmoja. Askari akalifungua, akanusa, akauliza ni za nini. Za nyama, akajibiwa, na pilipili kidogo. Akaturuhusu, lakini nadhani ilimuuma kuziacha zipite.

Tuliketi juu, nyuma ya kioo, tukitazama chini viti vya kijani. Wabunge walikuwa wachache kuliko watoto walivyotarajia, na baadhi walikuwa wakichezea simu, jambo ambalo watoto walilishangaa sana kwa vile kwetu ni marufuku. Zamu yake ilipofika, mzee wa kemia aliinuka. Alieleza mtaa wetu kwa maneno machache, akasema amesukuma kigari humo yeye mwenyewe, kisha akasema ana swali aliloulizwa na mwanafunzi ambalo yeye alishindwa kulijibu, hivyo anamletea waziri. Akaliuliza kama lilivyo, miguu na thamani yake.

Kicheko kilipita ukumbini, halafu kikafa haraka, kama watu waliogundua wamecheka kitu kisichochekesha. Waziri aliinuka, akasema swali ni zuri, serikali inalitazama jambo hilo kwa makini, na yuko tayari kukutana na mheshimiwa na walimu wake. Akaketi. Wakaingia kwenye mambo ya reli.

"Misi," akaninong'oneza yule msichana mwembamba, "ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, kwa leo."

"Hakusema ndiyo."

"Hakusema hapana pia."

Alifikiri kidogo. "Lakini alilisema swali langu lote. Hakubadilisha neno."

Mama wa mapacha, aliyekuwa upande wa pili, aliniomba nimweleze waziri amejibu nini. Nilipomweleza aliguna. "Anasema anatazama? Akuje, kigari kiko."

Kikao na waziri kilifanyika kweli, na mimi nilikuwamo, nikiwa na sentensi tatu na picha moja. Vimefuata vikao vingine. Sheria ya nchi nzima bado inasuasua kutoka meza moja kwenda nyingine ninapoandika haya, na sijidanganyi kwamba itaharakishwa na barua zangu. Lakini mbele ya geti letu watoto wanapita juu ya njia yao, na mapacha wameingia chekechea yetu kwa miguu yao wenyewe, kila mmoja na viatu vyote viwili.

Juzi nilikuwa kwenye ukanda, namfunga mtoto zipu ya koti, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya mzee mwenyewe. Kulikuwa na muswada uliogusa sare za shule, watapiga kura wiki hiyo, na hakuwa na uhakika.

"Nimesoma karatasi zote," akasema. "Hakuna mahali mzazi anaongea. Wewe unaonaje?"

Nilimwomba anipe hadi saa kumi. Watoto walipotoka nilisimama getini na kuwauliza wazazi mmoja mmoja, karani akiandika. Baba mmoja Mzanzibari alieleza habari za sweta yenye nembo kwa dakika kumi, na mama wa mapacha akamkatiza kwa kuwa na yeye alikuwa na yake kuhusu soksi. Nilimpigia mbunge nikamsomea tuliyoyapata. Aliandika, akaniuliza maswali mawili ya maana, akashukuru, akasema Ijumaa atapita anywe chai na kutuambia alivyopiga kura. Nilikata simu nikamwambia karani atafute biskuti nzuri.